Mraba Mtupu Kwenye Korongo

Katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho la wilaya kuna kimya ambacho zamani hakikuwapo. Zamani, mtu akishuka ngazi, kabla hajauona mlango alisikia tik, kisha tik nyingine: taya za panya zikidondoshwa moja moja kwenye kisahani cha kioo. Ilikuwa sauti ndogo, kama mvua inayositasita. Siku hizi hadubini imefunikwa kitambaa, kiti kimesukumwa chini ya meza, na ukutani, pale ilipotundikwa ramani, pamebaki alama ya mstatili mweupe kuliko ukuta wenyewe, wenye vitundu vya pini. Wafanyakazi wapya huweka humo mabango ya maonyesho yaliyokwisha. Wakongwe wakipita mlangoni hupunguza sauti kama watu wapitao penye mgonjwa, ingawa hakuna mgonjwa wala maiti. Ni kwamba Doka hayupo.

Jina lake kamili ni Evdokia Pehlivanova. Alizaliwa katika bonde la Struma, kwenye nyumba ya wakulima wa tumbaku, na mikono yake ya utotoni ilikuwa myeusi kwa utomvu wa majani kama mikono ya kila mtoto wa huko. Banda la kukaushia tumbaku lilikuwa na bundi. Bibi yake hakumpenda bundi huyo. Bundi akilia juu ya paa, bibi alitoka uani na konzi ya chumvi, akaitupa juu na kumfokea, "Nenda kalie kwa jirani Stoimen! Yeye ndiye mgonjwa, sisi wazima!"

Doka hakumwogopa bundi. Alichokipenda zaidi kilikuwa chini ya boriti: madonge meusi aliyoyatapika bundi, makavu, mepesi, yenye ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutema mifupa na manyoya. Doka aliyapasua madonge yale kwa sindano ya kutungia tumbaku, akakuta ndani ya manyoya mafuvu madogo kuliko harage. Moja lilikuwa na meno yenye ncha nyekundu, kana kwamba mnyama yule alikufa akinywa divai.

"Damu hiyo," bibi alisema, akajipiga ishara ya msalaba. "Kaitupe mbali."

Haikuwa damu. Miaka ikapita, Doka akaenda kusoma Sofia, na huko akaelezwa kwamba ule wekundu ni chuma kilichomo ndani ya jino lenyewe, na mwenye jino ni kirukanjia, mnyama mdogo afananaye na panya. Kuna virukanjia wa meno mekundu, wapendao baridi, ukungu na majani yaliyooza. Na kuna virukanjia wa meno meupe, wapendao jua, mawe na kuta za mashamba ya mizabibu. Aliyempa mnyama huyu jina la kirukanjia angewaona wa bonde lile angebadili mawazo, kwa maana hawa hawaruki njia. Wekundu wanakaa kwao, weupe wanakaa kwao. Doka alipolijua hilo, kazi yake ya maisha ilikuwa imekwisha kujichagua.

Akaajiriwa makumbusho. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliutumia kupanda minara ya kengele, minara ya misikiti iliyoachwa, na mabanda ya tumbaku, akiokota matapishi ya bundi kwenye mifuko ya karatasi. Aliigawa ramani ya kusini-magharibi yote katika miraba, kila upande kilomita kumi. Penye meno mekundu alichoma pini nyekundu, penye meno meupe, pini nyeupe. Pini zikaongezeka taratibu, kama nyota jioni, mpaka asubuhi moja ya Machi alipokwenda nyuma hatua chache na kuona: juu ya korongo la mto, pini nyekundu tupu; chini ya korongo hilo, nyeupe tupu. Pale ndipo kusini kunapoishia. Si kusini kwa wanasiasa, kusini kwa wanyama.

Ilikuwa Machi, na kila mtu alikuwa amefunga mkononi uzi wa Bibi Machi, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, ambao hauvuliwi mpaka mtu aone ndege korongo wa kwanza akirudi au mti ukichanua. Doka alikuwa ameshamwona ndege wake juu ya nguzo ya umeme. Badala ya kwenda kuutundika uzi kwenye mti kama watu wengine, aliufungua, akaunyoosha, akaupitisha katikati ya pini zake kutoka ukingo mmoja wa ramani hadi mwingine. Alikuwa na uhakika na uzi ule kuliko alivyokuwa na uhakika na siku yake ya kuzaliwa, ambayo babake aliiandikisha baada ya mavuno ya tumbaku, akikisia.

Ilikuwa miaka ya tisini, mipaka imefunguka na mishahara imeyeyuka, wakati wataalamu wa nchi kadhaa walipokubaliana kutengeneza kitabu kimoja cha ramani za mamalia wa Balkani nzima. Kila mtu atoe alichonacho. Hesabu zingepigwa Leipzig, Ujerumani, na Eberhard Lotze, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyoshikwa kwa waya. Kompyuta yake ingelinganisha kila mraba na kila mraba. Miraba yenye wanyama wanaofanana ingepakwa rangi moja, na hivyo nchi za wanyama zingejitokeza zenyewe, zisizojua bendera wala walinzi wa forodha. Lililobaki lilikuwa swali moja, nalo lilionekana dogo: mraba uwe na ukubwa gani?

Eberhard alikuja Agosti kuzungumza na Doka. Walielewana kwa Kirusi cha shule, ambacho wote wawili walilazimishwa kukisoma na wote wawili walikuwa wameanza kukisahau. Metodi, mume wa Doka, fundi wa mapipa, mtu wa kifua kipana na maneno mengi, aliandaa meza uani chini ya mzabibu: pilipili hoho za kuchoma, jibini jeupe, nyanya, mkate, na rakia, pombe kali ya zabibu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Mwambie ale kwanza," Metodi alisema. "Mjerumani huyu anapiga hesabu na tumbo tupu. Ndiyo maana ni mwembamba hivyo."

"Anasema ule," Doka alitafsiri.

"Nilielewa," alisema Eberhard. "Nimeelewa hata hilo la wembamba."

Ndipo kwa jirani harusi ilipoanza. Zurna mbili, zumari za kule, na ngoma kubwa, wapigaji wamesimama ukutani kabisa, na kuanzia hapo hakuna aliyemsikia mwenzake. Eberhard aliinama juu ya meza. Kwa kidole alichora mraba mkubwa kwenye kitambaa, akainua vidole vitano, akatia na duara la sufuri kwa kidole gumba. Hamsini. Kilomita hamsini kila upande. Akamtazama Doka na kuinua nyusi.

Kwetu Wabulgaria, kichwa kikienda upande kwa upande ni ndiyo, kikipanda juu na kushuka ni hapana. Doka alilijua hilo kama anavyojua kupumua. Lakini alijua pia kwamba kwa Wajerumani ni kinyume, na mgeni ni mgeni, lazima asemeshwe lugha yake. Akatikisa kichwa upande kwa upande, kwa nguvu, mara kadhaa, mpaka hereni zikacheza. Hapana. Hapana kabisa.

Eberhard akatabasamu uso mzima. Akainua glasi. Doka akainua yake, akafurahi moyoni kwamba mtu huyu, ingawa ni wa kompyuta, anakubali kukataliwa bila kununa. Mambo ya miraba hawakuyagusa tena. Kila mmoja aliyahesabu kuwa yamekwisha.

Ramani ya kwanza ililetwa wakati wa baridi, imeviringishwa katika bomba la karatasi ngumu. Doka aliitandaza juu ya meza ya jikoni, akabana pembe zake kwa chupa ya siki, kinu cha pilipili na viatu vya Metodi, akainama. Alitafuta korongo lake kwa muda mrefu, maana halikuwepo. Bonde lote la chini, pamoja na mizabibu, mawe ya moto na kuta za mashamba, lilikuwa ndani ya mraba mmoja na vilele vya mlima Pirin vyenye theluji. Meno mekundu na meno meupe katika kisanduku kimoja. Na kwa kuwa mraba ule ulifanana na jirani zake, wote wakapakwa rangi moja ya kijani, kutoka mlimani hadi karibu na mpaka wa Ugiriki. Uzi wa Bibi Machi haukuwa na mahali pa kulala.

"Ametupika," Doka alisema.

"Nani kapikwa?" Metodi aliuliza kutoka mlangoni, peku.

"Sisi. Bonde zima. Ametutia chunguni kama lutenitsa. Pilipili, nyanya, bilinganya, yote umeyakoroga kutwa nzima uani, mwishowe unapata kitu kimoja chekundu. Kitamu. Lakini nani atakwambia bilinganya ilikuwa upande gani?"

Metodi alikuja, akavaa viatu vyake, na ramani ikajikunja upande mmoja. "Mimi sioni uongo wake. Si wote wanaishi humo? Wewe mwenyewe unasema wapo."

"Metodi. Nichore mraba mmoja, humo nikuweke wewe na askofu mkuu. Nitaandika nini? Watu wa mraba huu hufunga Kwaresima."

"Mimi nafunga!"

"Unafunga mlango wa stoo ya divai ili nisikuone."

Alicheka Metodi, lakini Doka hakucheka. Kitabu kilikuwa kiende kiwandani kuchapwa baada ya Pasaka. Kitabu cha namna ile hakitengenezwi mara mbili katika uhai wa mtu. Watoto wa shule wangekifungua, wataalamu wangekifungua, na wote wangesoma kwamba kati ya korongo na mlima hakuna tofauti. Kila ngazi ya kila mnara aliyoipanda ingekuwa imepandwa bure. Kilichomuuma ni kwamba hakuna takwimu hata moja iliyokuwa ya uongo. Eberhard hakuwa ameongeza mnyama wala kupunguza mnyama. Alikuwa amechagua ukubwa wa kisanduku, basi, na korongo likayeyuka.

Asubuhi aliingia ofisi ya mkurugenzi wa makumbusho bila kubisha, akaomba simu, na akaipata kwa sababu ya sura aliyokuwa nayo.

"Eberhard! Nilikwambia hapana!"

"Siku njema na kwako, Evdokia. Hapana ya nini?"

"Ya hamsini. Nilikukatalia mezani kwangu, mbele ya mume wangu."

"Ulikubali. Nakumbuka vizuri sana. Ulitikisa kichwa hivi."

"Kichwa hakionekani kwenye simu."

"Upande kwa upande! Mke wangu alinisomea kitabu cha wasafiri kabla sijaondoka. Alinikaririsha: Wabulgaria wakitikisa upande kwa upande, wamekubali."

Mkurugenzi, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, aliliteremsha.

"Nilitikisa Kijerumani," Doka alisema polepole.

"Nami nilisoma Kibulgaria," alisema Eberhard.

Walikuwa kama watu wawili waliopishana mlangoni kwa adabu, tafadhali wewe kwanza, hapana wewe, mpaka mlango ukafungwa na wote wakabaki nje. Doka ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akaacha.

"Pigia hesabu kumi zangu," alisema. "Ninazo zote."

"Nitapiga," alisema Eberhard. "Lakini jiandae. Visanduku vidogo vina maradhi yao."

Alipopiga simu tena, Machi ilikuwa imeingia na mkurugenzi mwenyewe alishuka chumba cha chini kumwita Doka, uzi mwekundu na mweupe ukimning'inia kwenye koti.

"Mstari wako upo," alisema Eberhard. "Umeonekana. Hongera. Ila nimepata pia nchi ya tatu."

"Nchi gani tena?"

"Nchi isiyo na mnyama yeyote. Una miraba mitupu. Kompyuta imeikusanya, ikaona inafanana sana, kwa sababu hakuna kinachofanana na kitu kitupu kama kitu kitupu kingine. Imeipaka kijivu na kuipa mipaka."

"Ni mitupu kwa sababu hakuna aliyekwenda! Bundi wapo, panya wapo. Mtu ndiye hakuwepo."

"Mimi najua. Kompyuta haijui kwenda wala kutokwenda. Inajua pana na hapana." Akakohoa kidogo, kama mtu anayetafuta neno la Kirusi lisilo na makali. "Evdokia, sehemu kubwa ya kijivu iko juu ya korongo lenyewe. Mraba wa kijiji cha Gorna Rakita. Uzi wako unapita katikati yake. Uliwahi kufika pale?"

Hakuwahi. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, halafu likajengwa jingine, halafu ikawa mwaka ujao, na mwaka ujao tena. Ukweli wa ndani zaidi ulikuwa kwamba hakuona haja. Juu nyekundu, chini nyeupe. Katikati kungekuwa na nini? Akasimama na simu sikioni akitambua kwamba kitu alichokuwa na uhakika nacho kuliko siku yake ya kuzaliwa kilipita mahali ambapo hajatia mguu.

"Nitafika," alisema.

"Kabla ya Pasaka," alisema Eberhard. "Wahariri wa kitabu wanataka kubaki na hamsini. Nikiwapelekea ramani yenye shimo palepale penye hoja, watacheka."

Jumamosi Metodi alitoa gari lao, Lada yenye mlango mmoja wa bluu na mitatu myeupe. Njia ya Gorna Rakita ilipanda pembeni mwa korongo, upande huu mwamba, upande huu mto ukinguruma na maji ya theluji.

"Mimi nilidhani nimeoa msomi," Metodi alisema, usukani ukimtetemesha mashavu. "Wenzangu wake zao wakitaka kutoka Jumamosi wanataka kwenda dukani. Wangu anataka matapishi."

"Tazama mbele."

"Ninatazama. Hakuna cha kutazama, barabara imekwisha."

Ilikuwa imekwisha kweli, kwa kiasi cha urefu wa gari, na mbele yake ilianza tena. Doka alishuka, akapima tope kwa kiatu, akapanga mawe, akampungia mkono. Metodi alipita akiwataja watakatifu wote anaowajua na wawili aliowabuni.

Kijiji kilikuwa na nyumba za mawe, moshi ukitoka kwenye chache tu, na kanisa la Kiorthodoksi lenye mnara wa mbao. Padri Spas alikuwa uani akipasua kuni, kanzu ameipandisha kwenye mkanda, ndevu zimejaa vumbi la mbao.

"Baba Padri, tubariki," Doka alisema. "Tunaomba ufunguo wa mnara."

"Mungu awabariki. Mnatafuta nini juu?"

"Matapishi."

"Ya nani?"

"Ya bundi, baba."

"Afadhali," alisema padri. "Nilidhani ya mpiga kengele." Akalipiga shoka gogoni na kuliacha hapo. "Yupo bundi. Wamama wananisumbua nimfukuze. Wanasema kila akilia mtu anakufa. Nawaambia, jamani, kijiji hiki mdogo wetu ni mimi, na mimi nina wajukuu. Alie asilie, tutakufa tu. Anaonewa."

Ngazi zilikuwa kavu na zenye kulalamika. Juu kabisa, nyuma ya kengele, bundi alikuwa amesimama kwenye boriti, uso mweupe kama tofaa lililokatwa, macho yamefumba nusu. Chini yake madonge yalikuwa mazulia mazima. Hakuna mtu aliyeyagusa tangu kengele ile ilipotundikwa. Doka alipiga magoti. Mifuko ya karatasi ilikuwa mfukoni, na desturi ni kubeba kila kitu nyumbani, kuloweka, kuchambua, kupima. Lakini hakuweza kungoja. Alitoa sindano, ile ile ya tumbaku, akapasua donge la kwanza juu ya goti lake.

Fuvu la kirukanjia. Akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ncha nyekundu.

"Basi hapa ni juu," alisema. "Hapa bado ni kaskazini."

"Hongera," alisema Metodi, aliyekaa ngazini akipumua kama mvukuto.

Alitoa manyoya yaliyobaki kwenye donge lile lile, na humo mlikuwa na fuvu la pili. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Meupe.

Akachukua donge jingine. Meupe na mekundu. Jingine, mekundu na meupe na taya la panya wa miamba. Hawa wasiokaa pamoja walikuwa wamelala pamoja katika tumbo moja, mlo wa safari moja. Akasimama, akasogea dirishani pale ambapo sauti ya kengele hutokea. Upande wa kulia, chini, kulikuwa na ukingo wa mto unaotazama jua, kuta za mizabibu iliyoachwa, mawe meupe. Upande wa kushoto, karibu kiasi cha mtu kumwita mwenzake, kulikuwa na mkondo wa kivuli wenye miti mirefu iliyosongamana, theluji chafu bado iko chini, na kila jani limelowa. Bundi alikuwa akitoka hapa na kuwinda kulia, kisha kushoto. Mraba wake haukuzidi pale kengele inaposikika.

"Sema kitu," alisema Metodi. "Umeshinda au umeshindwa? Nijue nitaendeshaje kurudi."

"Mstari upo," alisema Doka. "Lakini una unene."

"Unene wa nini?"

Doka aliinua mkono. Alikuwa akitazama kifundo cha mkono wake, uzi aliofungwa na mumewe siku ya kwanza ya mwezi, nyuzi mbili zilizosokotwa hata ukivuta mmoja unauvuta na mwenzake. Mwaka ule alipounyoosha juu ya ramani aliutazama wote kama mpaka, akasahau kwamba umesokotwa. Akashusha mkono, akaanza kujaza mifuko.

Nyumbani alichambua madonge yale kwa subira yote iliyomshinda mnarani, tik, tik, kisahani kikijaa. Hakukuwa na shaka. Banda la tumbaku la kwanza kuteremka mto lilikuwa jeupe tupu. Kinu cha maji cha kwanza kupanda mto kilikuwa chekundu tupu. Na katikati, Gorna Rakita, wote wawili. Kusini kulikuwa kunaishia pale alipodai tangu mwanzo, katika ukanda mwembamba kiasi cha mbawa za bundi mmoja. Kisanduku cha kilomita hamsini kingeumeza ukanda huo bila hata kuhisi ladha. Kisanduku cha kumi kiliuona, lakini kiliuona umevunjika pembe pembe kama meno ya msumeno.

Kwenye simu ya mwisho hakupiga kelele.

"Hamsini zako zibaki kwa Balkani nzima," alimwambia Eberhard. "Nimeziangalia kumi za nchi nyingine. Ni mashimo matupu. Afadhali chungu cha lutenitsa kuliko ungo uliotoboka. Lakini kando yake nataka kumi zangu. Wanyama wale wale, hesabu ile ile, mraba mwingine. Watu waone kwa macho yao kwamba anayechagua mraba anachagua na jibu."

"Wahariri watasema inawachanganya wasomaji."

"Iwachanganye. Mimi pia imenichanganya, na sikufa."

Eberhard alipigana. Wahariri walitoa nafasi chini ya ukurasa, ndogo kama kiberiti, na sentensi moja yenye herufi ambazo Metodi alihitaji miwani miwili kuzisoma. Eberhard alipiga simu kuuliza kama anaridhika.

"Ndiyo," alisema Doka.

"Umetikisa kichwa?"

"Nimekishika kwa mikono yote miwili. Nasema kwa mdomo. Ndiyo."

Kitabu kilipokuja, Metodi alikifungua mezani, akaweka kidole chake kipana juu ya ramani ile ndogo, nayo ikafunikwa yote. Alipokiondoa, korongo lilikuwepo: upande mmoja rangi moja, upande wa pili rangi nyingine, na katikati mraba mmoja wenye zote mbili.

"Kadogo," alisema.

"Kapo," alisema Doka, akaenda kuweka maji ya kahawa.

Alifanya kazi makumbusho mpaka umri wa kustaafu. Siku ya mwisho aling'oa pini moja moja, akaikunja ramani, akaacha hadubini kwa sababu haikuwa yake. Padri Spas alikuwa amemwambia kuna nyumba inayohitaji paa na mtu. Miraba mingine ya kijivu ipo jirani, kwa miguu.

Evdokia Pehlivanova na mumewe wanaishi Gorna Rakita, nyumba ya pili kutoka kanisani, upande wa mto.